Kwa nini yai la mama huzeeka kabla ya mvi

Mwanamke mmoja wa miaka 38 alinijia kliniki hivi majuzi akiwa amebeba mkoba mkubwa. Alipoketi alitoa chupa mbili za vidonge na mkebe wa unga wa kijani, akavipanga mezani pangu kimoja kimoja. Alikuwa ameolewa kwa miaka sita bila kushika mimba. Kwingineko alikokwenda kutafuta msaada alipimwa damu, akaambiwa mayai yake yamezeeka, kisha akauziwa dawa hizo "za kuhuisha mayai" kwa bei iliyomla karibu mshahara wa miezi miwili.

"Daktari," aliniuliza, "yai linawezaje kuzeeka ilhali mimi mwenyewe sina hata unywele mmoja mweupe?"

Swali hilo si la kupuuzwa, msomaji. Wanawake wengi wa mjini siku hizi husoma kwanza, wakatafuta kazi, wakajenga maisha, ndipo wakafikiria kupata watoto. Wengi wao huishia kuambiwa maneno hayo hayo bila kuelezwa maana yake. Na mtu asiyeelezwa jambo huwa ni rahisi kuuziwa chochote. Leo basi nataka tuingie pamoja ndani ya yai la mwanamke, tuone ni kitu gani hasa huzeeka, na ni kwa nini unga wa kijani hauwezi kukitengeneza.

YAI LINA UMRI GANI?

Unywele na yai havina umri mmoja. Unywele ulio nao kichwani leo uliota miaka michache tu iliyopita, na ukinyolewa mwingine utaota. Ngozi ya juu ya mwili hujivua na kujitengeneza upya kila baada ya majuma kadhaa. Yai sivyo lilivyo. Kila yai ulilo nalo lilitengenezwa ukiwa bado tumboni mwa mama yako.

Mimba ya mtoto wa kike inapofikia karibu miezi mitano, ovari zake huwa na mayai machanga yapatayo milioni 6 au 7. Anapozaliwa husalia kati ya milioni 1 na milioni 2. Anapovunja ungo huwa amebakisha yapata 300,000 hadi 400,000. Kati ya hayo, ni 400 hadi 500 tu yatakayokomaa na kutoka katika miaka yake yote ya hedhi. Mengine hufa kimya kimya, mwezi baada ya mwezi, awe anatumia dawa za kupanga uzazi au la, awe amezaa au hajazaa.

Kwa hiyo yai linalotoka mwanamke akiwa na miaka 38 limekuwa likingoja kwa miaka 38 na miezi kadhaa juu yake. Halikungoja limelala tu. Lilianza kazi ya kugawanya kromosomu zake kabla mwenyewe hajazaliwa, likasimama katikati ya kazi hiyo, na litaiendeleza litakapokuwa likikomaa. Fikiria fundi aliyeshika uzi na sindano, akaambiwa angoje hapo hapo kwa miaka 38, kisha siku moja aambiwe, "Haya, shona!"

Yai linawezaje kungoja muda wote huo bila kuoza? Mwaka 2022 watafiti wa Barcelona, Uhispania, walitangaza jambo la kustaajabisha. Waligundua kwamba mayai machanga ya binadamu, na ya chura pia, hukaa bila sehemu ya kwanza ya mtambo unaotengeneza nguvu ndani ya seli. Sehemu hiyo ndiyo mojawapo ya zile zinazotoa kemikali kali ambazo huunguza seli pole pole. Yai huiacha kando kwa muda ili lisijichome. Ni kama mpishi anayepunguza moto hadi makaa mawili matatu ili chungu kikae na joto lakini chakula kisiungue.

Hata hivyo, hakuna chungu kinachokaa jikoni miaka 40 bila kupata alama.

NDANI YA YAI

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kuchora seli kama yai la kukaanga: kiini katikati, majimaji pembeni, na vitu vidogo vidogo vimetawanywa humo kama dengu kwenye mchuzi. Mchoro huo ulitosha kupitia mtihani, lakini unapotosha.

Yai la binadamu lina upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni dogo kuliko nukta inayomaliza sentensi hii, ingawa ni miongoni mwa seli kubwa zaidi mwilini. Ndani yake mna oganeli, yaani viungo vidogo vya seli, na kila kimoja kina kazi yake. Vitatu vinatuhusu leo.

Cha kwanza ni kiini, kinachobeba kromosomu. Cha pili ni mitokondria. Hizi ni mitambo midogo inayogeuza chakula kuwa nguvu ambayo seli yaweza kuitumia. Seli nyingi za mwili huwa na mamia au maelfu kadhaa ya mitokondria. Yai lililokomaa huwa na zaidi ya 100,000. Sababu ya wingi huo ni kwamba mitokondria zote atakazoanza nazo mtoto hutoka kwa mama. Zile za mbegu ya baba huingia, lakini yai huzitia alama na kuziangamiza. Isitoshe, mimba changa haitengenezi akiba mpya ya mitokondria katika siku zake za mwanzo. Hugawana ile iliyoikuta, kama ndugu wanaogawana shamba la urithi.

Cha tatu ni retikulamu. Jina ni gumu, lakini kitu chenyewe si kigumu kukielewa. Ni mtandao wa mirija na vifuko vyembamba uliosambaa ndani ya seli yote. Humo ndimo protini na mafuta hutengenezwa. Humo pia ndimo yai huweka akiba yake ya kalsiamu, yale madini tunayoyajua kwa kuimarisha mifupa na meno.

MAJIRANI WANAOSHIKANA

Sasa tufike kwenye kiini cha habari. Oganeli hizi hazielei ovyo. Zimeshikana.

Ukitembea Gikomba utaona kwamba seremala huweka kibanda chake karibu na muuza mbao, na anayepaka vanishi huwa karibu na seremala. Hawakupangwa hivyo kwa urembo. Mbao ikilazimika kubebwa kwa mkokoteni kutoka mtaa mwingine, kazi huchelewa na bei hupanda. Vivyo hivyo ndani ya seli, retikulamu na mitokondria hukaa bega kwa bega, na nafasi iliyo kati yake ni nanomita 10 hadi 30 tu. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi, kwa hiyo nafasi hiyo ni ndogo kuliko unywele kwa maelfu ya mara.

Mwaka 1990 mtafiti Jean Vance wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alichunguza maini ya panya na kuonyesha kwamba kuna sehemu ya retikulamu inayoandamana na mitokondria, nayo ndiyo hutengeneza baadhi ya mafuta ya kujengea tando za seli. Mwaka 2008 Olga Martins de Brito na Luca Scorrano wakaeleza kamba mojawapo inayozifunga pamoja: ni protini iitwayo mitofusini 2. Tangu wakati huo kamba nyingine zimegunduliwa. Katika sehemu hizo za kushikana hupita kalsiamu, mafuta na ishara za kuambia seli iendelee kuishi au ijiue.

Katika yai mambo haya huonekana waziwazi. Ukilitazama yai la binadamu lililokomaa kwa hadubini ya elektroni, utaona mitokondria za mviringo zimelizunguka fungu la mirija ya retikulamu, kama watu waliouzunguka moto usiku wa baridi. Mafungu ya namna hiyo yamejaa kila pembe ya yai.

Na si hayo tu. Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Göttingen, Ujerumani, walionyesha kwamba katika mayai ya panya, nguruwe, ng'ombe na binadamu, maagizo ya kutengeneza protini huhifadhiwa yakiwa yameuzunguka mkusanyiko wa mitokondria. Maagizo hayo ni ya lazima kwa sababu yai likishakomaa huacha kuandika mapya; mimba ya siku za mwanzo huishi kwa maagizo yale ya zamani. Protini inayoshikilia ghala hilo huitwa ZAR1. Panya jike akiikosa, ghala husambaratika, mitokondria hutawanyika, naye huwa tasa.

Hata nje ya yai kuna kushikana. Seli ndogo zinazolizunguka hupenyeza vidole vyembamba kupitia ganda lake na kulilisha. Yai lenyewe haliwezi kutumia sukari vizuri. Majirani huisaga kwanza, kisha hulipa kile ambacho mitokondria zake zaweza kukichoma.

SIKU MBEGU INAPOINGIA

Huenda unajiuliza: ya nini yote haya? Jibu huonekana siku ile moja ambayo yai limeingojea miaka yote.

Mbegu ya kiume inapoungana na yai, huingiza protini maalumu ambayo wataalamu wa Cardiff, Wales, waliitambua mwaka 2002. Protini hiyo huanzisha msururu wa mambo ambao hufungua milango ya retikulamu. Kalsiamu humwagika na kuenea kama wimbi kutoka upande mmoja wa yai hadi mwingine. Kisha hurudishwa ghalani. Baada ya dakika kadhaa wimbi jingine huja, na jingine, kwa saa nyingi. Mawimbi hayo ndiyo huliamsha yai. Ndiyo huliambia lizuie mbegu nyingine kuingia, limalize kugawanya kromosomu, na lianze kuwa mimba.

Ila kuifungua milango ni rahisi kuliko kuirudisha kalsiamu ndani. Kuirudisha kunataka pampu, na pampu zinataka nguvu. Hapo ndipo ujirani unapofaa. Kalsiamu inapomwagika, mitokondria zilizo jirani huionja mara moja, nazo huchapuka na kutengeneza nguvu zaidi. Nguvu hiyo huendesha pampu, pampu hujaza ghala, na ghala likijaa huwa tayari kwa wimbi linalofuata. Mwaka 2004 watafiti wa London waliotumia mayai ya panya walionyesha kwamba mitokondria zikizimwa kwa kemikali, mawimbi hukatika na yai haliwezi kuendelea vyema.

Kwa hiyo mitokondria nzima peke yake haitoshi, na retikulamu iliyojaa kalsiamu peke yake haitoshi. Lazima ziwe karibu, zikisikilizana.

UJIRANI UNAPOHARIBIKA

Mwaka 2014 watafiti wa Japani walichapisha kazi ambayo, kwa maoni yangu, inaeleza jambo hili kuliko nyingine nyingi. Waliwachukua panya jike na kuondoa katika mayai yao protini iitwayo Drp1. Kazi ya protini hiyo ni kuzikata mitokondria zikiwa ndefu mno, ili zibaki ndogo na ziweze kusambaa.

Matokeo? Mitokondria zilirefuka, zikashikamana na kuwa bonge. Ajabu ni kwamba hazikuharibika peke yake. Ziliivuta retikulamu na oganeli nyingine zikakusanyika pamoja nazo mahali pamoja. Ishara za kalsiamu zikavurugika. Mayai yakashindwa kuendelea kukomaa, na mazungumzo kati ya yai na seli zinazolilisha yakaharibika. Kitu kimoja kiliguswa, mji mzima ukasimama.

Tunajifunza kutoka hapo kwamba kushikana kupita kiasi kunadhuru sawa na kutoshikana. Yai zuri ni lile ambalo oganeli zake ziko karibu lakini haziko bonge. Usawa huo ndio unaohitaji kulindwa kwa miaka 30 au 40.

Wataalamu wanaotungisha mayai katika maabara hukutana na jambo la aina hii. Wakati mwingine huona ndani ya yai duara moja angavu: ni retikulamu iliyojikusanya mahali pamoja badala ya kusambaa. Mwaka 2004 madaktari wa Japani walionya kuwa mayai hayo huenda yakaleta matatizo, na mwaka 2011 wataalamu waliokutana Istanbul, Uturuki, walishauri yasitungishwe. Tangu hapo, watoto wenye afya njema wamezaliwa kutokana na mayai ya namna hiyo, na sasa vituo vingi huamua kulingana na hali ya kila mama. Nakutajia hili, msomaji, ili ujue kwamba hata wataalamu hubadili ushauri wao ushahidi unapobadilika. Anayekupa jibu moja lisilobadilika, tena akiwa na kitu cha kuuza mkononi, mtilie shaka.

Na haki itendeke: ujirani wa oganeli si sababu pekee, wala si ile kubwa kuliko zote. Tatizo kubwa la yai lililokaa miaka mingi ni kromosomu kutogawanyika sawasawa. Protini zinazozishikanisha kama gundi hulegea kadiri miaka inavyopita, na nyuzi zinazozivuta huhitaji nguvu ya kutosha kutoka kwa mitokondria zilizozizunguka. Kwa sababu hiyo mimba nyingi za akina mama wenye umri mkubwa hutoka mapema. Kwa sababu hiyo pia, mama wa miaka 25 hukabiliwa na uwezekano wa takriban 1 kati ya 1,200 wa kuzaa mtoto mwenye hali ya Down, ilhali kwa mama wa miaka 40 ni karibu 1 kati ya 100. Utaona kwamba hata huko, bado tunazungumza habari za vitu vinavyopaswa kushikana na kuachana kwa wakati wake.

JE, YAI LAWEZA KUTENGENEZWA?

Swali hili limewashughulisha watu wengi. Baadhi walidhani kwamba yai lililochoka laweza kuongezewa mitokondria kwa sindano, kama gari linavyoongezewa mafuta. Huduma hiyo iliuzwa ghali katika nchi kadhaa. Mwaka 2019 madaktari wa Uhispania walichapisha matokeo ya jaribio lililolinganisha mayai yaliyodungwa mitokondria za mama mwenyewe na yale yasiyodungwa. Haikuonekana faida yoyote. Mimi sishangai sana. Kumwaga mitambo ndani ya yai si sawa na kuiunganisha na majirani zake.

Huenda pia umesikia habari za mtoto wa "wazazi watatu". Katika njia hii, chembe za urithi za yai la mama mwenye ugonjwa wa mitokondria huhamishiwa katika yai la mwanamke mwingine ambalo mitokondria zake ni nzima. Uingereza iliruhusu jambo hili kisheria mwaka 2015, na mwaka 2025 madaktari wa Newcastle walitangaza kuzaliwa kwa watoto wanane kwa njia hiyo. Lakini elewa vyema: ilikusudiwa familia zenye magonjwa mazito ya kurithi, si kurudisha ujana wa yai.

Vipi kuhusu vidonge? Kuna kimoja, koenzaimu Q10, kilichoonekana kusaidia mayai ya panya wazee katika maabara. Kwa wanawake ushahidi bado hautoshi kukifanya tiba. Zaidi ya hapo, sijui kidonge, unga, mzizi wala chai ambayo imethibitishwa kurudisha ujana wa yai.

Na kile kipimo cha damu? Kwa kawaida hupimwa homoni iitwayo AMH. Homoni hiyo hukadiria idadi ya mayai yaliyosalia. Haisemi lolote kuhusu jinsi oganeli zilivyoshikana ndani yake. Inamfaa daktari anayepanga kutungisha mayai maabarani, ili ajue kiasi cha dawa atakachotumia. Lakini mwaka 2017, utafiti wa Marekani wa wanawake wa miaka 30 hadi 44 ambao hawakuwa na historia ya utasa ulionyesha kwamba waliokuwa na AMH ya chini walishika mimba kwa kawaida sawa na wenzao. Kwa hiyo karatasi moja ya AMH haimpi mtu ruhusa ya kukutangaza kuwa umezeeka.

UFANYE NINI BASI?

Huwezi kuingia ndani ya yai kupanga oganeli zake. Unachoweza kufanya ni kulilinda lilivyo na kutopoteza wakati wake.

Kwanza, usikawie. Ikiwa mmekutana kimwili mara kwa mara kwa miezi 12 bila kinga wala mimba, tafuteni daktari. Ikiwa umetimiza miaka 35, usingoje zaidi ya miezi sita.

Pili, nendeni wawili. Karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mwanamume ana mchango wake. Kupima mbegu za kiume ni kazi ya siku moja, haina maumivu, na ni nafuu kuliko vipimo vingi anavyofanyiwa mkewe. Ni dhuluma kumzungusha mama hospitali hadi hospitali ilhali mume hajatoa hata kikombe kimoja cha shahawa.

Tatu, tibu magonjwa ya zinaa mapema. Kisonono na klamidia huziba mirija ya uzazi, na katika bara letu mirija iliyoziba huwanyima wanawake wengi watoto. Yai lenye oganeli nzuri kabisa halifai kitu ikiwa njia imefungwa.

Nne, acha sigara. Wanawake wanaovuta sigara hukoma hedhi mapema kuliko wenzao, kwa wastani wa mwaka mmoja au miwili.

Tano, angalia uzito na sukari yako. Panya waliolishwa mafuta mengi katika maabara walionekana kuwa na mayai yenye mitokondria zilizoharibika. Kwa binadamu tunajua kuwa unene wa kupindukia na kisukari kisichodhibitiwa hupunguza uwezekano wa kushika mimba na huiweka mimba yenyewe hatarini.

Sita, ukipanga kushika mimba, anza kumeza vidonge vya folati vya miligramu 0.4 kila siku. Havihuishi yai, ila humkinga mtoto dhidi ya kasoro za uti wa mgongo. Ni vya bei nafuu.

Saba, ukiambiwa una saratani na unatakiwa kuanza dawa kali, uliza kabla ya kuanza kama mayai yako yaweza kuhifadhiwa. Ukikumbuka baadaye, huenda umechelewa.

KAULI YA MWISHO

Watu wengi wakisikia "mayai yamezeeka" hudhani ni aibu au adhabu. Mama mkwe hunong'ona kuwa ni zile dawa za kupanga uzazi. Majirani husema ni masomo mengi. Mwenye yai naye hulala usiku akihesabu makosa yake. Ukweli ni kwamba yai ni seli iliyofanya kazi ambayo karibu hakuna seli nyingine mwilini iliyoombwa kuifanya: kungoja kwa miongo bila kujitengeneza upya, huku likishikilia maelfu ya viungo vyake kila kimoja karibu na mwenzake. Likichoka, halikuchoka kwa kosa la mtu.

Yule dada niliyeanza naye alirudi juma lililofuata pamoja na mumewe. Tulipima. Mbegu za mume zilikuwa chache, na mrija mmoja wa mke ulikuwa umeziba. Hakuna hata kimoja kati ya hayo mawili ambacho kingetibiwa na zile chupa. Nimewaandikia barua kwa mtaalamu wa uzazi, na wamekwisha kumwona mara mbili. Sikuwaahidi mtoto, kwa kuwa daktari hana mamlaka hayo. Niliwaahidi kwamba sasa wanatafuta mahali panapofaa.

Walipokuwa wakiondoka nilimkumbusha achukue vitu vyake vilivyobaki kwangu. Vidonge alikataa. Mkebe aliumwagia unga wake katika ndoo ya taka, akausuuza kwenye sinki langu, akautia mkobani. Alisema utafaa kuwekea sukari.